Nakala ya bingwa: maana yake kwa anayejifunza kuchora sura

Nakala ya bingwa ni zoezi la kuchukua picha ya sura ya fundi wa zamani na kuichora upya, tabaka kwa tabaka, ili kujua aliamua nini na kwa mpangilio gani. Kufanana na asili hakutoshi. Unaweza kutoa nakala inayofanana mno na bado usijue kwa nini kivuli cha shavu kilitangulia mwanga.

Tuchukue Msichana Mwenye Hereni ya Lulu, kazi ya mchoraji Mholanzi Johannes Vermeer ya mwaka 1665 hivi, iliyoko jumba la makumbusho la Mauritshuis mjini The Hague, Uholanzi. Ina urefu wa sm 44.5 na upana wa sm 39. Piga miraba ya sm 4 kwenye chapa ya ukubwa kamili na ya sm 2 kwenye kanvasi, upate nusu ya kila upande. Tumia rangi ya mafuta ya wachoraji, si ile ya milango.

Anza na kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, viwango vitatu tu: kiza, kati, mwanga. Finya macho mpaka kope na midomo vipotee. Mafungu ya kiza na mwanga yanayobaki ndiyo ya kuchora kwanza. Wanaokimbilia macho huishia na sura bapa kama barakoa.

Sasa tazama mgongo wa pua. Hauna mstari, umeyeyukia shavuni kwa rangi ile ile. Lulu nayo haina kitanzi wala duara kamili: ni mguso mzito wa nyeupe juu na mwangwi hafifu wa ukosi chini. Ukiizungushia mstari, unapata kifungo cha shati.

Nyuma ya msichana leo panaonekana peusi. Uchunguzi ulioanza 2018 ulionyesha palikuwa na pazia la kijani, rangi yake ikafifia. Anayepaka nyeusi tupu ananakili uzee wa picha.

Vitabu vya Ulaya husisitiza dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua la adhuhuri hukaa kusini na miale yake haiingii upande huo. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta: kuanzia Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hukaa upande huo huo wa kaskazini, na miale yake huharibu hesabu ya vivuli. Miezi hiyo fanyia kazi dirisha la kusini; miezi mingine rudi la kaskazini.

Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka, bali mafuta hushika hewa yakagandamana. Kahawia nyembamba hukauka upesi, nyeusi hukawia. Tabaka la juu lizidi mafuta ya kitani kuliko la chini. Ukigeuza, la juu hupasuka. Usiegemeze kanvasi kwenye kuta za mawe za Mji wa Kale, kwa kuwa unyevu huleta ukungu, wala usiifungie kabatini ikiwa mbichi: gizani mafuta huwa manjano.