Povu la steroidi sio dawa ya kila kinachowasha

Jamani, mwasho ukitulia sio kwamba umepona. Hii ndo inanichosha kuliko zote hapa famasi Kampala, mtu ana mashilingi mapajani, fangasi kabisa, anachukua povu la klobetasoli, yaani steroidi ya kupaka, ambalo dada yake katumiwa toka Uingereza kwa ajili ya soriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye magamba) ya kichwani, anapaka, siku mbili tatu mwasho kwisha, vipele vimelala, anasema dawa kiboko. Sio kiboko! Steroidi haiui fangasi hata kidogo, inachofanya ni kutuliza kinga ya mwili pale kwenye ngozi, sasa walinzi wakilala fangasi anatambaa anavyotaka. Ukiacha kupaka yanarudi tena mapana zaidi, na ile duara yake imeshavurugika hata daktari anahangaika kuyatambua. Halafu mtu anakuja kuniomba yenye nguvu zaidi. Siuzi! Unataka dawa ya fangasi, na kama hakuna uhakika ngozi ikwanguliwe kidogo ipelekwe maabara. Na hizo krimu zilizochanganya steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwenye tyubu moja, mi nakuomba usijinunulie tu, hapo ndo wengi wanapoharibikiwa.

Eti povu ni jepesi kuliko krimu? Klobetasoli iko kundi la steroidi kali kabisa, iwe povu iwe krimu. Wiki 2 mfululizo ndo mwisho, na isizidi gramu 50 kwa wiki. Usoni, kwapani na kwenye kinena usipake, na wanaotaka uso ung'ae wajue ngozi inakonda, chunusi zinatoka, mishipa inaanza kuonekana. Mtoto wa nepi ndo kabisa usimpake, nepi inafunika dawa inaingia mwilini.

Kukamulia kiganjani nako hapana, joto la mkono linaliyeyusha. Geuza mkebe kichwa chini, toa kidogo kwenye kisahani, gawa nywele, chukua kwa ncha za vidole upake kwenye ngozi sio kwenye nywele, kisha nawa mikono. Na sio karibu na sigiri wala sigara, povu hili linashika moto! Mkebe ukiisha usiutupe kwenye takataka zinazochomwa, utalipuka.

Wapo pia wanaoogopa steroidi kama sumu, wanapaka siku moja wanaacha, soriasisi inabaki palepale. Kama daktari kakuandikia asubuhi na jioni, paka asubuhi na jioni.