Pigo la ukoma katika Walawi si ukoma wa leo

Wengi tumekua tukiamini kwamba "pigo la ukoma" katika Mambo ya Walawi, kitabu cha Biblia, ni ukoma huu tunaoujua, na kwamba aliyeupata alikuwa mwenye dhambi. Sivyo. Neno la Kiebrania ni tsaraat, linalotaja madoa na magonjwa ya ngozi ya namna mbalimbali, na sura ya 13 na 14 zinalitaja hata kwenye nguo na kuta: madoa ya kijani au mekundu yaliyobonyea ukutani. Ukuta hauugui ukoma! Kuhani naye hakuwa tabibu. Alitazama, akatamka safi au najisi. Tena aliyegeuka mweupe mwili mzima alitangazwa safi. Miriamu, dada wa Musa, aliadhibiwa kwa pigo hilo, kweli, lakini sura ya 13 haimtuhumu mgonjwa dhambi yoyote. Inaniuma wenye ukoma, ugonjwa wa bakteria unaotibika, wanapotengwa kwa aya hizi.