Ridhaa ya jamii: nani anaulizwa kabla mbu hajaachiwa?

Anayejiunga na jaribio la dawa hospitalini huelezwa faida na hatari, huuliza maswali yake, kisha hutia saini au dole gumba. Akighairi kesho, anajitoa. Hiyo ni ridhaa ya mtu binafsi, na miiko ya utafiti wa tiba imejengwa juu yake. Lakini mbu aliyebadilishwa vinasaba, yaani chembe zake za urithi, ili asaidie kupambana na malaria, habishi hodi. Akiachiwa kijijini, anaruka kwa aliyekubali na kwa aliyekataa, na hakuna wa kujitoa labda ahame.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya ridhaa ya jamii: watu wa mahali fulani kukubaliana kwa pamoja kuhusu jambo litakalowagusa wote. Kiswahili kinatusaidia, maana kinatenganisha idhini na ridhaa. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka, na ina muhuri. Ridhaa hutoka moyoni, na moyo hauna fomu.

Chukua Bana, kijiji cha Burkina Faso. Tarehe 1 Julai 2019, watafiti wa mradi wa Target Malaria waliachia huko maelfu ya mbu dume tasa waliobadilishwa vinasaba, wakiwa wamepakwa unga wa rangi ili watambulike wakinaswa tena. Dume hang'ati, na hawa hawakuwa na uwezo wa kuzaa. Idhini ya mamlaka ya taifa ya usalama wa bayoteknolojia ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia. Ridhaa ilichukua miaka: mikutano, michezo ya kuigiza, wanakijiji kupelekwa kuona mbu wanavyofugwa, na hata kutafuta maneno ya Kidioula, lugha ya huko, ya kueleza mambo ya vinasaba. (Aliyewahi kujaribu kumweleza bibi yake neno kinasaba anajua kazi hiyo.) Kuingia nyumba ya mtu kunasa mbu bado kulihitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Kuachia mbu kulihitaji kauli ya kijiji.

Kauli ya kijiji ni ya nani, hasa? Swali hilo ndilo linalowashughulisha watafiti wa sayansi ya jamii, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Mzee wa kijiji akisema ndiyo, je, wanawake waliobaki jikoni wamesema? Kijiji jirani, ambako upepo unaweza kumpeleka mbu, kimo ndani ya "jamii" au hakimo? Vyama vya kiraia vya Burkina Faso viliupinga mradi, navyo vilidai kusema kwa niaba ya watu. Mwishowe ni idhini iliyokatika: Agosti 2025 serikali ilisimamisha shughuli zote za mradi huo nchini na kuamuru sampuli ziteketezwe.

Kwetu jambo hili haliko mbali. Taasisi ya Afya Ifakara imeshatengeneza mbu waliobadilishwa vinasaba ndani ya maabara yake Bagamoyo. Watafiti wa taasisi hiyohiyo walikwenda pia vijijini, kusini mashariki mwa Tanzania, kuwauliza watu wanaionaje teknolojia hii. Wengi hawakuwa wamewahi kuisikia. Hata hivyo hawakukosa la kusema: waliipima kwa wanayoyajua, yaani mbegu chotara na mifugo chotara. Mkulima aliyefuga kuku wa kisasa anajua anavyodai chanjo na chakula cha dukani, huku wa kienyeji akijichakuria jalalani. Ndiyo maana ataka kujua kwanza: mbu huyo wa maabara, akifika porini, ataishi siku ngapi?