"Kazi ya Mungu haina makosa": tunayoyasema msibani na yaliyomo kwenye Maandiko

Ukikaa msibani Mwanza, iwe Igoma, Kirumba au ng'ambo kule Sengerema, maneno yanayosemwa chini ya turubai ni yaleyale. Yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyasikiliza tena, isipokuwa mfiwa. Yeye huyasikia yote. Na msiba ukiangukia familia ya kanisani, ambako baba ni mzee wa kanisa, mama yuko kwaya na watoto wamekulia shule ya Jumapili, basi huongezeka na mengine, yale ya kunong'onezana kwenye foleni ya kunawa mikono: hapa kuna kitu, haiwezekani watu wa Mungu wakapatwa hivi bure.

Dhana za namna hii ni nyingi. Nitazishika zile zinazoumiza watu, na baadhi nitazipita haraka kwa sababu hazistahili muda mrefu.

"Familia ya maombi haifikwi na haya"

Hii ndiyo mama wa nyingine zote. Zaburi ya 91 imebandikwa kwenye milango ya nyumba zetu, imechorwa ubavuni mwa mitumbwi na nyuma ya daladala. Sina ugomvi nayo, ni zaburi tamu. Lakini tukumbuke ni nani aliyeitumia kama hati ya bima ndani ya Injili. Ni shetani, juu ya kinara cha hekalu, akimwambia Yesu ajitupe chini kwa kuwa malaika wameagizwa kumchukua (Mathayo 4:6). Yesu hakujitupa.

Chukua habari za Ayubu, ambazo wengi tunazijua kwa kuhadithiwa kuliko kwa kuzisoma. Kabla ya upepo kuangusha nyumba juu ya watoto wake kumi, sura ya kwanza inatuonyesha baba anayeamka asubuhi na mapema kutoa sadaka kwa ajili ya kila mtoto, mmoja mmoja, endapo ametenda dhambi moyoni. Tena ilikuwa desturi yake. Kwa lugha ya leo, hiyo ndiyo familia ya maombi. Upepo ulikuja hivyo hivyo.

Hata Injili yenyewe haikufika kwenye ziwa hili la Victoria kwa watu waliokingwa. Kundi la kwanza la wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, liliingia ziwani mwaka 1877, na kabla mwaka haujaisha wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mwenzao Alexander Mackay alikufa kwa malaria huko Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890. Kama kukosa ulinzi ni dalili ya kukosa imani, basi tumeletewa imani na wasio na imani.

Na ziwa lina tabia zake ambazo hazimwulizi mtu anasali wapi. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo wa nchi kavu unatoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, unakutana huko, na dhoruba kubwa zinazaliwa. Usiku huo huo, mwezi ukiwa gizani, ndio wavuvi wa dagaa wanakuwa majini na taa zao. Anayeimba tenzi na anayetukana wamo ndani ya mtumbwi mmoja. Yesu alisema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45), na hakumaanisha mvua ya mahindi peke yake.

"Lazima kuna dhambi iliyofichika"

Wapo waliompelekea Yesu habari ya mauaji, naye akawaongezea ya pili kutoka mjini: watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akawauliza, mwadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Akajijibu mwenyewe kwa neno moja: "Sivyo" (Luka 13:4-5). Kisha akawageuzia wao: tubuni. Yaani msiba wa jirani ni nafasi ya kuyachunguza maisha yangu mimi. Sisi tumegeuza, tunachunguza ya jirani.

Kwa kipofu tangu kuzaliwa ilikuwa hivyo hivyo. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali lilikuwa na majibu mawili tu, na Yesu aliyakataa yote mawili (Yohana 9:3).

Ila mfano mkali kuliko yote ni wa Bildadi. Anamtazama mtu aliyezika watoto kumi, anamwambia kwamba huenda watoto walimkosea Mungu, ndiyo maana wakapatilizwa (Ayubu 8:4). Ukisoma hotuba zake na za wenzake, Elifazi na Sofari, utaona zimejaa maneno mazuri. Baadhi ungeweza kuyahubiri Jumapili na watu wakasema amina. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao watatu kwa kutonena yaliyo sawa, na Ayubu aliyelalamika sura kwa sura ndiye anayetakiwa kuwaombea. Kitu kimoja walifanya vizuri: mwanzoni walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo.

"Ni laana ya ukoo"

Kwenye msiba mmoja Buswelu, mfanyakazi mwenzangu alikuwa amepoteza watoto wawili kwa mkupuo, ajali ya barabarani. Mama mmoja wa kikundi cha maombi akamwinamia sikioni na kumuuliza kama wazazi wake waliwahi kuingia agano lolote, labda kwa mganga, labda kwa mizimu. Mwenzangu alikuwa ameshika kikombe cha chai ya rangi. Hakunywa, na hakukiweka chini. Akajibu, "Sijui, mama. Labda." Yule mama akatikisa kichwa kama daktari aliyepata ugonjwa, akamwelekeza siku za maombi ya kufunguliwa.

Ile "labda" inanikera hadi leo. Mtu anazika watoto, halafu anaondoka na mzigo wa kuwashuku wazazi wake waliokwisha kufa, ambao hawawezi kujitetea.

Andiko linalotumika ni Kutoka 20:5, la maovu ya baba kupatilizwa kwa wana. Wanaolitumia hawamalizii: linasema hao ni wanichukiao, na mstari unaofuata unataja rehema kwa maelfu ya wampendao. Na zaidi ya hapo, Waisraeli wenyewe walishawahi kuligeuza kuwa methali, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu akawakataza kuitumia tena. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake, imeandikwa Ezekieli 18, sura nzima. Tabia mbaya huweza kurithishwa nyumbani, ulevi ni mfano, na madhara yake yakafika kwa wajukuu. Hilo kila mtu analiona. Kuwaambia wafiwa kwamba Mungu anawadai deni la babu yao ni jambo jingine kabisa.

"Kuna mkono wa mtu"

Huku kwetu Usukumani swali la nani kamroga si la mzaha. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wekundu wa miaka mingi ya kupuliza moto jikoni. Nashangaa ninapomsikia mhubiri akisema "adui yenu mnamjua, yuko ndani ya ukoo" mbele ya watu wenye uchungu, halafu anafunga Biblia na kwenda zake. Wakristo wanaamini kuna nguvu za giza, wala sitaki kujifanya hawaamini. Lakini Waefeso 6:12, mstari unaopendwa na watu wa vita vya kiroho, unaanza kwa kusema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Bibi wa nyumba ya tatu ni damu na nyama.

"Kazi ya Mungu haina makosa"

Hapa nitakaa kidogo.

Asubuhi ya 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kumaliza safari yake kutoka Bukoba kuja Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi idadi hiyo, na wanaotajwa ni zaidi ya 800. Wengi wamelala makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara, kikapinduka kikiwa kinakaribia kabisa gati la Bwisya. Kilikuwa cha watu 101. Waliokufa walipita 220.

Ukisoma tarakimu hizo, ni kazi ya nani iliyokuwa na makosa?

Tunaposema "kazi ya Mungu haina makosa" juu ya chombo kilichojazwa kupita kiasi, tunadhani tunamheshimu Mungu. Kwa kweli tunamsukumia mzigo wa mtu aliyekata tiketi, aliyeruhusu chombo kuondoka, aliyetakiwa kukagua na hakukagua. Torati ina amri moja ndogo ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa: ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kwenye dari, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka (Kumbukumbu la Torati 22:8). Dari za kule zilikuwa bapa, watu walipumzika juu yake. Mungu hakusema akianguka ni siku yake imefika. Alisema damu iko juu ya mwenye nyumba.

Luka anafanya hivyo hivyo anapoeleza Paulo kuvunjikiwa na merikebu, Matendo 27. Anataja idadi ya waliokuwemo, 276. Anataja msimu ulikuwa umekuwa mbaya. Anataja kwamba Paulo alionya, na akida akamsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Yote hayo yameandikwa kwenye sura hiyo hiyo ambayo malaika wa Mungu anatokea usiku. Uongozi wa Mungu na uzembe wa watu vimekaa ukurasa mmoja, na Luka hakuona haja ya kufuta kimoja.

Tuseme ukweli, Wakristo wenyewe hawakubaliani hapa. Wapo wanaosema Mungu alipanga kila kitu, hata hili, kwa sababu tusizozijua. Wapo wanaosema aliruhusu tu, hakutaka. Mtakatifu Augustino, ambaye chuo kikuu chetu cha Malimbe kinabeba jina lake, alilazimika kulijibu swali hili baada ya Roma kuvamiwa mwaka 410, Wakristo wakauawa na kutekwa pamoja na wengine. Alisema moto ni mmoja, lakini dhahabu hung'aa na makapi hufuka moshi: tofauti haiko kwenye kilichowapata, iko kwa waliopatwa. Mabishano hayo yana karne nyingi na hayatakwisha msibani. Lakini pande zote mbili zinakubali kwamba mwenye kosa anabaki na kosa lake.

"Aliyepona, imani yake imemponya"

Fundi mitambo mmoja wa MV Nyerere alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye, alikuwa amepata sehemu yenye hewa ndani ya chombo. Ndege iliyoanguka ziwani Bukoba Jumapili asubuhi, 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43. Walipona 24, na wavuvi ndio waliowahi kufika. Kumshukuru Mungu kwa kupona ni haki ya aliyepona. Ila shuhuda zetu zina tabia ya kwenda hatua moja mbele: niliomba, ndipo nikapona. Na wale 19, hawakuomba?

Matendo 12 inaanza kwa Yakobo, ndugu yake Yohana, kuuawa kwa upanga. Mistari michache mbele, Petro anatolewa gerezani na malaika. Wote mitume, mfalme ni yule yule Herode. Hakuna mstari unaoeleza kwa nini. Ningetamani uwepo, lakini haupo.

"Mungu amempenda zaidi"

Imechapwa kwenye fulana za msiba na kwenye mashada. Kwa marehemu mwenye miaka tisini, sawa. Mwambie hivyo mama wa mtoto wa miaka minne na umemfundisha kuogopa kupendwa na Mungu. Paulo hakukiita kifo mapenzi. Alikiita adui, wa mwisho kubatilishwa (1 Wakorintho 15:26).

"Bwana alitoa, Bwana ametwaa"

Maneno ya kweli, na aliyeyasema ni mfiwa mwenyewe. Hakuna aliyemwambia Ayubu ayaseme. Isitoshe, sura mbili mbele Ayubu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa, na hiyo haichapwi kwenye ratiba ya mazishi.

"Aliyeokoka halii"

Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, akijua dakika chache zijazo atamtoa. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na matumaini. Wahuzunike, ila kwa namna nyingine. Na Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila haleluya ya kufungia. Wanaomnyang'anya mjane leso na kumwambia "jikaze, unamwaibisha Yesu" wana Biblia gani?

"Matanga yakianuliwa, kanisa limemaliza kazi"

Turubai likishuka, daftari la rambirambi likifungwa, ndipo vikao vinaanza. Shamba la marehemu, nyumba, mtumbwi na injini yake. Ndugu wanakaa kuandika muhtasari wa kikao cha ukoo ambao mahakama itautaka ili kumteua msimamizi wa mirathi, na mara nyingi mjane anaitwa kutia sahihi tu. Yakobo 1:27 inasema dini safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na dhiki yao hasa iko kwenye kikao hicho, wiki ya tatu au ya nne, wakati wanakwaya wamesharudi makwao. Jumuiya chache ninazozifahamu huwa zinatuma wazee wawili wakae pembeni ya mjane siku hiyo, wasome muhtasari kabla hajasaini, na wahakikishe cheti cha kifo kinabaki mikononi mwake. Kama jumuiya yako haina utaratibu huo, jambo hilo linaweza kuingizwa kwenye ajenda ya wiki hii.