Apnea si kukoroma

Juzi kwenye matanga, huku Kadutu, Bukavu, nimelisikia tena neno apnea likitajwa kana kwamba ni kukoroma. Mama mmoja anasema baba watoto ana apnea, akilala majirani wanagonga ukuta. Watu wakacheka. Jirani yake akajibu: afadhali wewe, wa kwangu anakoroma kama kinu cha kusaga mihogo, kisha anatulia kabisa, na hapo ndipo na mimi napata kausingizi. Nilinyamaza kwa heshima ya wafiwa.

Apnea ya usingizi ni pumzi kukatika mtu akiwa amelala, kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena. Mara nyingi ni ulimi na nyama za koo zimelegea zikaziba njia ya hewa. Kwa wachache ni ubongo wenyewe unaosahau kutoa amri ya kupumua. Ikifika mara 30 kwa saa, ugonjwa umekuwa mkali. Maana ni hiyo tu.

Sasa neno lenyewe. Limetujia kwa Kifaransa, lakini asili yake ni Kigiriki: "a" ya kukanusha, na "pnoe", yaani pumzi. "A" hiyo ni dada ya ile iliyo mwanzoni mwa anemia, damu pungufu. Na "pnoe" ana ndugu tunayemtia upepo kila siku kando ya barabara: pneu, yaani tairi, ya pikipiki. Tafuta mkoromo ndani ya neno hilo, hutaupata. Linataja pumzi isiyokuwepo, basi. Hata vijana wanaopiga mbizi Ziwa Kivu wakishindana nani atakawia chini, Mfaransa atasema wako katika apnea, na hakuna anayewaita wagonjwa. Wao wamebana pumzi kwa kupenda. Aliyelala hajui lolote, na kwa kawaida asubuhi hakumbuki. Hapo pia inatofautiana na jinamizi, ambalo mtu huamka akilisimulia vizuri sana.

Kukoroma ni kelele ya hewa inayopita kwa shida. Kelele maana yake hewa bado inapita! Apnea ni kile kimya kinachofuata, kabla mtu hajashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama aliyetolewa majini. Wako wanaokoroma maisha yote bila apnea. Lakini yule anayekoroma, akanyamaza, akashtuka, huyo ndiye wa kuangaliwa, hasa kama ana tansio, ile presha ya damu.

Maana wakati wa kile kimya oksijeni inashuka kwenye damu. Mwili unaona kifo, unamwaga adrenalini, mishipa inabana, moyo unapiga mbio, na tansio inaruka. Kwa kawaida usiku tansio hushuka, kama asilimia 10 hadi 20 chini ya ile ya mchana. Ndiyo likizo ya mishipa. Kiswahili chetu kilijua zamani: pumzi, pumua, pumzika, ukoo mmoja. Mwenye apnea analala kwa muda wa saa nane bila kupumzika, na polepole ule mbano wa usiku unabaki hadi mchana. Ndiyo maana madaktari wanaishuku sana kwa mtu anayekunywa dawa tatu za tansio, moja ikiwa ya kukojoza, bila kuruka siku, na bado kipimo hakishuki. Sisi tunasema ni mawazo. Nani hana mawazo Bukavu? Kisha tunampa kidonge cha usingizi, au yeye mwenyewe anajitibu kwa pombe, na vyote viwili vinaweza kuzidi kulegeza koo.

Dawa za tansio asiziache. Kupunguza uzito husaidia, na wengine wanapata nafuu wakilala ubavu badala ya chali. Iko pia mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisizibe, iliyoelezwa na daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, mwaka 1981. Kwa tansio peke yake inashusha kidogo tu, haichukui nafasi ya vidonge.

Basi mama yangu wa matangani, si yule wa majirani, wewe wa "anatulia kabisa": mkienda kupima tansio, usimwambie dokta kwamba baba anakoroma tu. Mwambie anatulia. Na usiku huo, kabla usingizi haujakuchukua, mhesabie sekunde.