Kujibu maoni ya wagonjwa mtandaoni bila kutoa siri zao

Swali la kwanza ninaloulizwa na wakurugenzi wa hospitali binafsi na waganga wafawidhi ninaowashauri kuhusu ubora wa huduma huwa ni lilelile: maoni ya nyota moja yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa hospitali katika ramani za Google yanafutwaje? Jibu langu ni kwamba mara nyingi hayafutwi. Google inaruhusu kuripoti maoni yanayokiuka kanuni zake, kama vile matusi, matangazo ya biashara, taarifa binafsi za mtu mwingine, au maandishi ya mshindani anayejifanya mgonjwa, lakini haiondoi maoni kwa sababu tu yameuma, wala haijitwiki kazi ya kuamua kati ya mgonjwa na nesi ni nani anayesema kweli. Ukurasa wenyewe unaweza kuwepo hata kama hospitali haikuufungua, kwa hiyo kunyamaza hakuuondoi. Kunauacha tu na maelezo ya upande mmoja.

Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi, na hapo ndipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inapotajwa kikaoni, hasa kifungu cha 16 kinachohusu kuchapisha taarifa za uongo, ambacho adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mimi si wakili, na hospitali iliyosingiziwa kweli ina haki ya kumwona wakili. Hata hivyo simshauri mtu yeyote amtishie mgonjwa kwa kifungu hicho. Ili kuonyesha kwamba alichokisema ni uongo, hospitali italazimika kulifungua jalada lake mbele za watu, yaani kufanya jambo ambalo ilipaswa kuliepuka kuliko yote. Na barua ya vitisho ikishapigwa picha na kuingia kwenye makundi ya WhatsApp, huwafikia watu wengi kuliko waliowahi kuyasoma maoni yenyewe.

Kinachonitia hofu kuliko nyota moja ni jibu linaloandikwa usiku na mtu mwenye hasira. Mgonjwa ameandika kwamba alikaa kwa muda mrefu na hakupata dawa. Hospitali inajibu kwamba kumbukumbu zinaonyesha alifika saa tano asubuhi, akaonwa na bingwa wa magonjwa ya wanawake, kisha akakataa kulipia kipimo cha ultrasaundi. Kila neno laweza kuwa kweli, na bado hospitali imekwisha kuwatangazia jamaa, majirani na mwajiri wa mtu huyo kwamba alitibiwa pale, na kwa tatizo la aina gani. Kwamba yeye ndiye aliyeanza kusema hakumpi mtoa huduma ruhusa ya kuendeleza, kwa sababu siri ni mali ya mgonjwa, naye anaweza kuitoa nusu na kubakiza nusu.

Sheria nazo zimelifikia jambo hili. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa binafsi nyeti, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data tangu 2019. Kwa mifano ya majibu ya mtandaoni yaliyogharimu fedha, Marekani inayo iliyo wazi. Mwaka 2019 kliniki ya meno ya Dallas, Elite Dental Associates, ililipa dola 10,000 baada ya kumjibu mgonjwa kwenye Yelp, mtandao wa maoni ya wateja, kwa kutaja jina lake la ukoo na habari za afya yake, na mwaka 2023 kituo cha afya ya akili cha New Jersey, Manasa Health Center, kililipa dola 30,000 kwa kutaja ugonjwa na matibabu ya mtu aliyekuwa ametoa maoni mabaya kwenye Google.

Sifa nazo zina mtego uleule, ingawa hakuna anayeuogopa. Mama ameandika maneno machache tu, kwamba huduma ni nzuri na manesi wana upendo; kijana anayesimamia mitandao anajibu kwa furaha, "Hongera kwa mtoto, karibu tena kliniki yetu ya uzazi." Huenda mama huyo alikuwa bado hajamwambia mtu.

Jibu ninalowaelekeza wateja wangu waliandike, kwa malalamiko ya dawa kama yale ya hapo juu, linakwenda hivi: "Ndugu, asante kwa kuandika, na pole kwa usumbufu ulioueleza. Kwa ajili ya kulinda faragha, hatuzungumzii hapa huduma ya mtu yeyote, wala hatuthibitishi kama amewahi kufika kwetu. Utaratibu wetu ni kwamba mtu anayesubiri dawa aelezwe mapema iwapo haipo, na tutafuatilia kama utaratibu huo unazingatiwa. Tunaomba utupigie kwa namba ya ofisi ya malalamiko, umuulize msimamizi wa huduma kwa wateja." Utaona kwamba halimwiti "mteja wetu", kwa kuwa hilo tayari ni uthibitisho, na kwamba linazungumzia utaratibu, jambo ambalo hospitali ina uhuru wa kulieleza. Namba inayotajwa ni lazima iwe inapokelewa. Nimeona kurasa ambazo mtu wa pili anaandika kulalamika kwamba alipiga namba aliyopewa mtu wa kwanza ikaita mpaka ikakatika. Maoni ya Kiswahili yajibiwe kwa Kiswahili. Jibu moja la Kiingereza lililobandikwa mara ishirini chini ya malalamiko ishirini tofauti linamwonyesha msomaji, ambaye pengine anatafuta mahali pa kumpeleka mzazi wake, kwamba hakuna aliyesoma.

Ukiyasoma maoni hayo kwa wingi, utagundua kwamba wagonjwa huandika kuhusu yale wanayoweza kuyapima wenyewe: kauli za wahudumu, foleni, usafi wa vyoo, bei isiyotajwa mapema, kadi ya bima iliyokataliwa. Ni nadra kukuta mtu akijadili kama alipewa dawa sahihi, kwa hiyo nyota hazisemi mengi kuhusu utabibu wenyewe. Tena humwelekea yule aliyesimama karibu. Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi nchini Tanzania ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kutokana na mvutano wa kitita kipya cha mafao, aliyegeuzwa akiwa na kadi mkononi alikuwa na sura moja tu ya kuikasirikia, nayo ni ya mtu wa mapokezi. Msimamizi asiyetenganisha malalamiko ya mfumo na malalamiko ya mtu ataishia kumwandikia barua ya onyo mfanyakazi asiye na kosa.

Ningependa tuutazame pia mtandao wa Care Opinion wa Uingereza, ulioanzishwa mwaka 2005 na Paul Hodgkin, daktari wa familia wa Sheffield. Kila simulizi husomwa na wahariri kabla ya kuchapishwa, mwandishi haonyeshi jina lake, na watumishi wa huduma inayohusika hujibu hadharani, wakieleza pia pale walipobadilisha kitu. Sisi bado tuna sanduku la maoni lililopigiliwa ukutani, ambalo ufunguo wake haujulikani uko kwa nani.

Katika nyumba za kulelea wazee, mwandishi wa maoni kwa kawaida ni mtoto au mkwe, na mzee mwenyewe, hasa mwenye ugonjwa wa kusahau, hajaulizwa kama anataka habari zake ziwe mtandaoni. Jibu lenye tahadhari hapo linamlinda mtu ambaye hata hayumo kwenye mazungumzo.

Kuhusu kuomba maoni nitasema kwa ufupi: omba kwa wote, usichague waliotabasamu, usitoe punguzo la bei, na wafanyakazi wasijiandikie. Google inakataza hayo, na Uingereza imeyapiga marufuku kisheria maoni ya kughushi tangu Aprili 2025.

Linabaki lile gumu kuliko yote, familia inapoandika baada ya kufiwa. Wajibu wa kutunza siri haukomi kwa kifo, na hakuna maelezo ya utaratibu yatakayosomeka vizuri chini ya msiba. Mganga mfawidhi mwenyewe ndiye anayepaswa kuitafuta familia na kuipa pole, kisha kuialika kuzungumza itakapokuwa tayari. Jibu la mtandaoni liwe sentensi mbili za rambirambi, lisitaje wodi wala ugonjwa, na liandikwe baada ya mawasiliano hayo kufanyika.