Kuchuja data kwa R: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Hapa Mwanza mtu anayejifunza takwimu hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Chukua jedwali liitwalo `sangara`: samaki kumi waliopimwa asubuhi moja Mwalo wa Kirumba, kila mstari samaki mmoja, na kolamu ya `urefu` kwa sentimita. Sheria hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, kwa hiyo kila mwanafunzi wa uvuvi atafika mahali pa kuwatenga wadogo. Nimekaa na vijana wengi wakifanya kazi hiyo kwa R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Makosa ambayo R inayapigia kelele hayanitishi. Naogopa yale inayoyanyamazia.

Dhana: alama ya kutoa huhesabu kutoka mwisho.
Hiyo ni Python, lugha nyingine ya kompyuta. Katika R kuhesabu kunaanzia 1, na `sangara[-1, ]` huondoa mstari wa kwanza. Ukitaka kuondoa mitatu ya mwanzo andika `-(1:3)`. Ukiacha mabano, `-1:3` inakuwa -1, 0, 1, 2, 3, na R inakataa kuchanganya hasi na chanya.

Dhana: kipimo kilichokosekana hujiondoa chenyewe.
Daftari limelowa maji, namba ya samaki wa saba haisomeki, umeandika `NA`, alama ya R kwa thamani isiyojulikana. Tuseme sita kati ya waliobaki wanafika 50. Ukiandika `sangara[sangara$urefu >= 50, ]` kisha ukahesabu mistari, utapata saba. R imeulizwa kama urefu usiojulikana unafika 50, haijui, basi inakurudishia mstari uliojaa `NA` kila kolamu. Lakini `subset(sangara, urefu >= 50)` inatoa sita, kwa sababu yenyewe huacha mistari ya namna hiyo. Amri mbili zinazofanana machoni, hesabu mbili. Na usiutafute mstari huo kwa `urefu == NA`, maana jibu lake nalo ni `NA`; tumia `is.na(sangara$urefu)`.

Dhana: `sangara[-which(sangara$urefu < 50), ]` ni njia salama ya kutoa wadogo.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hufanya kazi vizuri siku nyingi. Kila siku yenye sangara mdogo hata mmoja, jibu ni sahihi. Ije siku ambayo hakuna mdogo: `which`, inayotaja namba za mistari iliyotimiza sharti, inarudisha orodha tupu, hasi ya orodha tupu ni tupu vilevile, na R inaelewa kwamba hukuchagua mstari wowote. Unabaki na jedwali la mistari 0. Siku ambayo wavuvi wote wametii sheria ndiyo inayopotea kwenye utafiti wako, na hakuna onyo hata moja. Andika hivi:

`sangara[is.na(sangara$urefu) | sangara$urefu >= 50, ]`

Wadogo wanatoka, wasiopimwa wanabaki, na siku isiyo na wadogo haiguswi.

Dhana: `==` inatosha kuchagua aina mbili.
Sasa jedwali ni `samaki`, lina mistari 10 ya sangara, sato na furu. Mtu anaandika `samaki$aina == c("sangara", "sato")`. R inalinganisha mstari wa kwanza na sangara, wa pili na sato, wa tatu na sangara tena, hivyo hadi mwisho. Sato aliyeandikwa mstari wa kwanza anaachwa. Mistari ingekuwa 11 ungeona onyo kuhusu urefu wa vekta (orodha za thamani zinazolinganishwa); kwa 10 hakuna neno. Tumia `samaki$aina %in% c("sangara", "sato")`.

Dhana: ukishaondoa furu wote, jina lao nalo limeondoka.
Kama kolamu ya `aina` ni faktari, yaani kolamu ya makundi inayotunza orodha ya majina yake, `table`, inayohesabu kila kundi, itaendelea kuonyesha furu 0, na mara nyingine nafasi tupu kwenye mchoro. `droplevels` ndiyo inayolifuta. Faili lako la awali kwenye diski halijaguswa na lolote kati ya haya, mpaka wewe mwenyewe uhifadhi juu yake.